Hesabu za biashara ndogo kwenye wingu: faida yake kubwa ni kujua mapema

#1 (mleta uzi)

Wakuu, salamu. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuweka hesabu za biashara ndogo, nyingi zikiwa na watu wawili hadi kumi na wawili. Kuna jambo nimekaa nalo muda mrefu na leo naomba tulijadili kwa kina.

Nianze na mwenye biashara mmoja niliyewahi kukaa naye. Mauzo yake yalikuwa yanapanda kila mwezi. Kazi ilikuwepo, wateja walikuwepo, lakini ikifika siku ya mishahara anahangaika kukopa. Aliamini anaibiwa. Alishaanza kumtilia shaka kijana wake wa mauzo, kijana aliyeanza naye tangu biashara haina hata meza. Hesabu zake zilikuwa kwenye faili la Excel ndani ya kompyuta moja, na mara ya mwisho kujazwa ilikuwa miezi minne nyuma.

Tulihamisha ankara zote kwenda kwenye programu ya uhasibu ya wingu. Ilituchukua siku mbili na nusu. Tulipomaliza nilifungua ripoti moja tu, ile ya umri wa madeni. Ripoti hiyo inawapanga wadaiwa wako kwa safu: deni lisilozidi siku 30, la siku 31 hadi 60, la 61 hadi 90, na lililopita siku 90. Safu ya mwisho ndiyo iliyokuwa nene. Mteja mmoja, yule aliyekuwa anamtaja kwa fahari kama mteja wake mkubwa, alikuwa na ankara saba ambazo hazijalipwa, na ya zamani kuliko zote ilikuwa na siku 143. Hakuna aliyeiba. Hela ilikuwa kwa mteja, na kila mwezi alikuwa anapewa mzigo mwingine juu ya deni. Yule ndugu aliikodolea macho skrini, akanyamaza, kisha akasema: "Kumbe nimekuwa namkopesha huyu mishahara ya watu wangu."

Ndiyo maana sipendi tunapozungumzia uhasibu wa wingu tukianza na kupunguza makaratasi. Makaratasi yanapungua kweli, na muda unaokolewa. Lakini faida yenyewe hasa ni kwamba taarifa inakufikia wakati bado una la kufanya. Yule ndugu angeliona deni lile likiwa na siku 35, angepiga simu moja na kusimamisha mzigo. Alilijua likiwa na siku 143, na kwa muda wote huo uhusiano wake na kijana wake ulikuwa unaharibika bure.

Kwa asiyeifahamu: programu ya namna hii haikai kwenye kompyuta yako. Inakaa kwenye seva za kampuni inayoitoa, wewe unaingia kwa kivinjari au kwa simu, na unalipia kwa mwezi au kwa mwaka. Uhasibu wenyewe ni uleule. Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko, aliueleza kitabuni mwaka 1494 akifuata namna wafanyabiashara wa Venice walivyokuwa wakiandika daftari zao: kila muamala una pande mbili, debiti na krediti, na pande hizo lazima zilingane. Programu inafanya hivyohivyo, ila wewe huioni ikifanya. Ukitoa ankara, yenyewe inamdebiti mteja na kukrediti mauzo, na kama kuna kodi inaitenga kwenye akaunti yake. Mteja akilipa, benki inaongezeka na deni linapungua. Umeandika mara moja, lakini leja (daftari la akaunti zote), urari (orodha ya masalio inayohakiki kama debiti na krediti zinalingana), faida na hasara, na mizania (picha ya mali, madeni na mtaji) vyote vimeshabadilika.

Kilicho kipya ni mahali daftari lilipo na nani anaweza kulifungua. Mwenye biashara akiwa safarini, mhasibu akiwa kwake, mtu wa stoo akiwa stoo, wote wanatazama ukurasa mmoja. Hakuna anayemtumia mwenzake faili.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kulinganisha vitabu na benki. Zamani nilikuwa nachapisha taarifa ya benki, nachukua rula na kalamu nyekundu, naweka tiki mstari kwa mstari. Taarifa ya miezi mitatu ilikuwa inanimalizia siku nzima. Sasa, kwa benki zinazoungana na programu, miamala inaingia yenyewe. Kwa zisizoungana unapakua faili la taarifa kisha unalipakia. Skrini inagawanyika: upande mmoja kile benki inachosema, upande wa pili kile ulichoandika wewe. Programu inakuambia, haya malipo yanafanana na ankara ile, unasemaje? Ukiona ni sawa unabofya. Kinachobaki bila mwenzake ndicho chenye habari: makato ya benki ambayo hukuyaandika, malipo ya mteja aliyesahau kutaja namba ya ankara, au hela iliyotoka mara mbili. Niliwahi kukuta biashara ya watu wawili imelipia huduma moja kwa kadi mbili tofauti miezi tisa mfululizo. Kila mbia alikuwa amejiandikisha kivyake, na kila mmoja alikuwa anaona kadi yake tu.

Kazi hii ifanyike kila wiki. Ukiizoea ni nusu saa. Ukiiacha mwaka mzima, hakuna programu itakayokuokoa, maana utakuwa umesahau nusu ya miamala ilikuwa ya nini.

Karibuni tujadili, hasa wale waliojaribu ikawashinda.

#2

Mkuu asante kwa uzi. Mimi natumia Excel mwaka wa sita. Nimeijenga mwenyewe, fomula zangu nazijua, silipi mtu kila mwezi. Kwa biashara yenye ankara kumi na tano kwa mwezi sioni sababu ya kuhama. Naomba unishawishi bila kuniuzia.

#3 (mleta uzi)

Mkuu, kwa ankara kumi na tano, mtu mmoja anayejaza, na nidhamu ya kujaza kila siku, Excel inakutosha. Sikwambii uhame leo.

Shida ya Excel inaanza siku unapoongezeka. Siku msaidizi wako anapofungua faili, analihifadhi kwa jina lingine, na wewe unaendelea na lile la zamani. Nimeshawahi kupewa flashi yenye mafaili matatu: moja linaitwa "hesabu mwisho", jingine "hesabu mwisho kabisa", la tatu "hesabu mwisho SAHIHI". Kila moja lilikuwa na mauzo tofauti ya mwezi uleule, na hakuna aliyekumbuka lipi lilipelekwa kwenye kodi.

Pia Excel hainung'uniki. Ukifuta mstari kwa bahati mbaya, jumla inapungua kimyakimya. Haya hayawapati wadogo tu. Uingereza, mwezi Oktoba 2020, taasisi ya afya ya umma ilikiri kwamba wagonjwa 15,841 wa Korona walikuwa hawajaingia kwenye takwimu za kila siku, kwa sababu majibu ya vipimo yalikuwa yanapitishwa kwenye faili la Excel la mtindo wa zamani, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa nje na faili halikupiga kelele. Kama imewapata wale wenye wataalamu, sisi wenye msaidizi mmoja tujihadhari.

Programu ya uhasibu inatunza nyayo. Nani aliandika, nani alibadilisha, saa ngapi, kiasi kilikuwa ngapi kabla. Programu nzuri haikuruhusu kuifuta ankara iliyokwisha tumwa ikapotea. Unaibatilisha au unatoa hati ya kupunguza deni, na vyote vinabaki vinaonekana. Ukiwa peke yako hilo huliwazi. Ukiwa na watu wanne wanaogusa hela, hilo ndilo linalokuwezesha kuwaamini bila kuwasimamia mgongoni. Linawalinda na wao pia. Yule kijana niliyemtaja juu, kama nyayo zingekuwepo, asingeshukiwa hata siku moja.

#4

Mimi ni mmoja wa waliojaribu ikanishinda. Nililipia miezi sita ya programu moja ya wingu, siitaji jina. Nikaambiwa ni rahisi, unaanza siku hiyohiyo. Nikaanza. Baada ya miezi miwili faida na hasara inaniambia nina faida kubwa sana, wakati nilikuwa sina hela ya kununulia mzigo. Benki kwenye programu inasoma hasi na benki ya kweli ina salio. Nikawaandikia huduma kwa wateja, wakanitumia viungo vya video. Nikaacha, nikarudi kwenye daftari langu la mkono. Daftari angalau silipii, na nikilisoma nalielewa. Sasa nikisoma nyuzi kama hii najiuliza kama ni mimi mzembe au vipi.

#5 (mleta uzi)

Dada, wewe si mzembe. Ulichokutana nacho ndicho kinachowakuta wengi, na ni kosa letu sisi wataalamu pamoja na wauzaji tunaosema "unaanza siku hiyohiyo". Naomba nikujibu kwa urefu, kwa sababu naona hapa ndipo watu wengi wanapokwama.

Benki kusoma hasi: karibu nina uhakika hukuingiza salio la kuanzia. Programu mpya inaanza na sifuri kila mahali. Haijui kwamba siku unaanza ulikuwa na hela benki, ulikuwa na mzigo stoo, kuna watu uliwadai na kuna waliokudai. Ukilipa kitu cha kwanza, inatoa kwenye sifuri, inapata hasi. Dawa yake ni kuchagua tarehe moja ya kuanzia, iliyo nzuri ni siku ya kwanza ya mwezi au ya mwaka wako wa hesabu, kisha kuandika hali ya biashara ilivyokuwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Salio la benki kama taarifa ya benki inavyosema. Hela ya mkononi iliyohesabiwa kwa mkono. Stoo iliyohesabiwa, na thamani yake kwa bei ya kununulia. Kila mdaiwa na deni lake, kila anayekudai na dai lake, mikopo iliyobaki, mashine na vifaa. Ukitoa madeni kwenye mali, kinachobaki ni mtaji wako. Kazi hii inachosha, na haina mkato.

Faida kubwa isiyo na hela: hapo kuna mambo mawili au matatu yanachanganyika. Kwanza, huenda umeandika mauzo yote lakini gharama nyingi hukuziandika, hasa zile unazolipa taslimu. Pili, programu nyingi zinahesabu mauzo siku unapotoa ankara, hata kama hujalipwa. Hiyo ni sahihi kiuhasibu, lakini faida hiyo bado iko mfukoni kwa mteja. Huwezi kuinunulia mzigo. Kwa hiyo usisome faida na hasara peke yake. Ipange pamoja na umri wa madeni na mtiririko wa fedha. Tatu, na hili naliuliza kwa upole: je, hela ya nyumbani na ya biashara zilikuwa zinapita akaunti moja? Kama ndiyo, mengi uliyotoa kwa ajili ya nyumbani hayakuwa na mahali pa kwenda kwenye programu. Yanatakiwa yaingie kwenye matumizi ya mmiliki. Ukiyaweka kwenye gharama za biashara unaharibu hesabu, na ukiyaacha bila kuyaandika, benki haitalingana kamwe. Fungua akaunti ya biashara tu. Ni hatua ndogo kuliko kununua programu, na inasaidia zaidi.

Nikuongezee ujanja wa mafundi wa zamani, utakufaa siku utakapoanza tena. Ukilinganisha na benki ukakuta tofauti, igawanye kwa 9. Ikigawanyika bila baki, kuna uwezekano mkubwa umegeuza tarakimu mahali. Mfano umelipwa 5,400 ukaandika 4,500. Tofauti ni 900, na 900 kwa 9 ni 100 kamili. Kosa la aina hii urari haulioni, kwa sababu umeliandika kosa lilelile pande zote mbili na zimelingana. Benki ndiyo inayokuumbua.

Usianze na vipengele vyote. Anza na ankara, malipo na benki tu. Stoo na mishahara vije baadaye.

#6

Hoja yangu ni usalama. Tunaambiwa wingu, wingu, lakini wingu ni kompyuta ya mtu mwingine. Siku hiyo kampuni ikifilisika, ikiungua, au ikiamua kupandisha bei mara tatu, mimi na hesabu zangu za miaka mitano tunakwenda wapi? Daftari langu liko kabatini na ufunguo ninao mimi.

#7 (mleta uzi)

Mkuu, hofu yako ni ya haki na ina mifano.

Kuungua: tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo zima la seva za kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa. Wapo wateja waliopoteza data moja kwa moja. Wengi wa waliopoteza walikuwa hawana nakala nyingine mahali pengine. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji wa programu ni hili: nakala rudufu ziko jengo lilelile au mji mwingine, na zinachukuliwa kila baada ya muda gani? Akikujibu kwa maneno ya matangazo, tafuta mwingine.

Kufungwa: Bench, kampuni ya Kanada iliyokuwa inaweka hesabu za maelfu ya biashara ndogo kupitia mfumo wake, ilitangaza tarehe 27 Desemba 2024 kwamba inafunga huduma mara moja. Fikiria, mwisho wa mwaka, watu wanajiandaa kwa kodi. Wateja waliambiwa wapakue data zao kabla ya tarehe 7 Machi 2025. Siku chache baadaye kampuni nyingine iliinunua, lakini siku zile chache mtu hawezi kuzisahau.

Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza vitabu, tena vya kompyuta ya mezani. Diski ilikufa asubuhi moja, ikawa inatoa mlio wa tik, tik, tik, kisha kimya. Nakala ya mwisho ilikuwa ya wiki kumi na moja nyuma, kwenye flashi. Nilijenga upya wiki kumi na moja za mteja kutoka kwenye risiti zilizokaa ndani ya boksi la viatu, nyingine zimefifia wino hazisomeki. Tangu siku hiyo siamini sehemu moja, iwe kabati, kompyuta au wingu. Na daftari lako la kabatini, mkuu, maji yakiingia ndani lina nakala ngapi?

Ninachofanya kila mwisho wa mwezi ni hiki. Nikishalinganisha benki, nafunga mwezi ili mtu asiandike tena nyuma. Napakua leja kuu, orodha ya wadaiwa, orodha ya wadai, urari na mizania, kwa namna mbili: moja ya kusoma na kuchapisha, nyingine ya Excel ili kama siku moja nitahama niweze kupakia kwingine. Naviweka sehemu mbili nje ya ile programu. Ni dakika kumi. Viambatisho vya risiti pia visisahaulike, programu nyingine hazivitoi pamoja na leja, itabidi uvipakue peke yake.

Bei, hapo nakuunga mkono. Zinapanda, na unayelipa kila mwezi huna budi kukubali au kuhama. Ndiyo maana kabla ya kujiunga jaribu kutoka. Jiandikishe kwa kipindi cha majaribio, andika ankara tano, kisha jaribu kuzitoa zote. Ukishindwa kuzitoa tano, hutaweza kuzitoa elfu tano.

Na hatari iliyo karibu nasi zaidi kuliko moto ni nenosiri. Watu watatu wanatumia nenosiri moja, mmoja anaacha kazi, nenosiri halibadilishwi. Kila mtu awe na akaunti yake na mipaka yake: mtu wa mauzo atoe ankara bila kuona mishahara, mhasibu aone vitabu bila kuweza kutuma malipo. Washa uthibitishaji wa hatua mbili (nenosiri, kisha uthibitisho wa pili, mfano namba inayokuja kwenye simu) kwa kila mmoja, bila kumwonea mtu aibu, kuanzia mwenye biashara.

#8

Na mimi ni mhasibu, naomba nichangie kidogo. Mwanzoni niliogopa programu hizi zitatuondoa kazini. Imekuwa tofauti. Kazi ya kuchapa imepungua, kazi ya kuuliza imeongezeka. Zamani mteja alikuwa ananiletea mfuko wa risiti mwisho wa mwaka, na miezi miwili naumaliza nikichapa. Sasa naingia kwenye vitabu vyake kila wiki nikiwa hapa nilipo, naona gharama ya usafiri imepanda ghafla, namwandikia pembeni ya muamala uleule: hii ni nini? Ananijibu wakati bado anakumbuka.

Onyo langu moja: zile kanuni za kujipangia miamala zenyewe. Ukiiambia programu kwamba kila malipo kwa muuzaji fulani ni gharama za ofisi, itatii milele, hata siku uliyonunua mashine ya kudumu miaka mitano. Nimekuta mashine ndani ya gharama za vifaa vya kuandikia. Faida ya mwaka ule ilikuwa imeshuka kwa uongo, maana bei yote ya mashine ilikatwa mwaka mmoja badala ya kugawanywa kwa miaka itakayotumika.

Tusisahau pia kwamba serikali zenyewe zinaelekea huko. Italia tangu Januari 2019 ankara kati ya biashara na biashara lazima zipite kidijitali kwenye mfumo wa serikali. Uingereza tangu Aprili mwaka huohuo ilianza na biashara zilizovuka kiwango cha VAT (kodi ya ongezeko la thamani), zitunze kumbukumbu kidijitali na kutuma ritani, yaani taarifa ya kodi, kwa programu. Anayezoea sasa hatakurupushwa baadaye.

#9

Mtandao ukikatika?

#10 (mleta uzi)

Unakaa bila kuingia, mkuu, huo ndio ukweli. Baadhi ya programu zina toleo la simu linaloshika risiti bila mtandao na kuzituma ukirudi, lakini kutoa ripoti au kulinganisha benki kunataka mtandao. Ninachoshauri ni kitabu cha ankara cha karatasi chenye namba zake, kwa dharura, na kila kilichoandikwa humo kiingizwe siku hiyohiyo mtandao ukirudi. Kama mahali ulipo mtandao unakosekana siku nyingi kuliko unavyopatikana, usijitese. GnuCash ni ya bure na inakaa kwenye kompyuta yako, itakufaa. Hakikisha tu nakala zinatoka nje ya kompyuta hiyo.

#11

Tupe majina basi. Ipi ni bora?

#12 (mleta uzi)

Sitasema moja ni bora, kwa sababu nimeona ileile ikimfaa huyu na kumshinda yule. Ninazokutana nazo sana ni QuickBooks Online ya Intuit, ambayo mizizi yake ni programu ya mezani ya miaka ya 1990. Xero, iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2006 na kujengwa kwa ajili ya wingu tangu mwanzo. Sage ya Uingereza, kongwe kuliko hizo, tangu 1981. Na Zoho Books ya India. Kwa anayetaka programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, ERPNext na toleo huria la Odoo zipo, lakini ukiamua kuziweka kwenye seva yako mwenyewe utahitaji fundi, na mshahara wa fundi uuhesabu kwenye gharama.

Angalia kwanza kama inajua kodi za nchi yako na ankara inayokubalika huko. Hili likikosekana mengine yote hayana maana. Kisha uliza kama benki yako inaungana nayo au angalau inakubali faili la taarifa. Kisha muulize mhasibu wako anaijua ipi, maana programu nzuri asiyoijua mhasibu wako itakugharimu mara mbili. Mvuto wa rangi na picha za chati uwe wa mwisho kabisa.

Na usihamie katikati ya msimu wako wa kazi nyingi. Nimewahi kukubali kumhamisha mteja mwezi wake wenye mauzo makubwa kwa sababu alikuwa na haraka, na nilijuta. Tulikuwa tunaandika sehemu mbili kwa wiki tano, watu wamechoka, makosa yakazaana. Siku hizi nasema hapana, na nasema mapema.

#13

Ni mimi wa #4. Wiki tatu zimepita, nimeona nirudishe majibu.

Nilianza upya. Nilifungua akaunti ya benki ya biashara peke yake, nikachagua tarehe moja ya mwezi. Kuhesabu stoo kulinichukua Jumapili nzima, mimi na mdogo wangu, yeye anasoma mimi naandika. Nilikuta mzigo niliodhani niliuza mwaka jana. Orodha ya wadaiwa nayo imenishtua. Watu kumi na wanne. Kichwani nilikuwa nawakumbuka saba.

Jana nimelinganisha benki kwa mara ya kwanza. Tofauti ilikuwa 2,700. Nikataka kuacha, nikakumbuka ile ya tisa. Ikagawanyika, 300 kamili. Nikaanza kupitia malipo moja moja, na la kumi na moja ndilo: mteja kalipa 5,200, mimi nimeandika 2,500. Nimesahihisha, tofauti ikasoma sifuri.

Naomba kuuliza, mkuu: kati ya wale kumi na wanne, wawili wamepita siku 90. Nianze na kupiga simu au niwatumie kwanza taarifa ya deni kutoka kwenye programu?

#14 (mleta uzi)

Tuma taarifa ya deni leo, dada, ikiwa na kila ankara na tarehe yake. Kesho asubuhi piga simu ukiwa umeifungua mbele yako. Mtu akikwambia "mbona hiyo nililipa", utakuwa na cha kumsomea.